Nani alimuua Gwen Stacy?

*Mhariri alishatoa jibu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mashabiki wa Spider-Man walilisoma, wakalielewa, kisha wakaendelea kubishana.*

Toleo la 121 la jarida la katuni la The Amazing Spider-Man, la Juni 1973, liliuzwa senti 20 za Marekani. Kuelekea mwisho wake kuna picha ambayo mashabiki wameichunguza kuliko polisi wanavyochunguza picha za ajali. Msichana mwenye nywele za dhahabu anaporomoka kutoka juu ya mnara wa daraja. Uzi mweupe wa utando umeshamnasa miguuni. Kichwa kimerushwa nyuma, mikono inaning'inia.

Ubavuni mwa shingo yake, kwa herufi ndogo mno kwa jarida linalopenda makelele, imeandikwa sauti ya kitu kinachovunjika: SNAP!

Kijana aliyeurusha uzi huo haisikii. Anamvuta msichana juu taratibu huku akijisifu kwa shabaha yake, mpaka anapomweka mapajani na kumwita, na msichana haitiki.

Hilo tu. Picha moja, herufi nne, na ubishi ambao umewazeesha watu.

Usiku wa darajani

Wengi wetu tulimjua Spider-Man kwenye skrini kabla ya kumjua kwenye karatasi, kwa hiyo inafaa turudi nyuma kidogo. Gwen Stacy aliingia katika kisa mwaka 1965, toleo la 31, enzi za mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Kufikia 1973 alikuwa ndiye mpenzi wa Peter Parker, mwanafunzi wa chuo jijini New York ambaye usiku huvaa nguo za buibui na kuzurura juu ya maghorofa.

Baba yake, Kapteni George Stacy wa polisi, alikuwa ameshakufa katika toleo la 90 la mwaka 1970. Aliangukiwa na matofali akimwokoa mtoto wakati Spider-Man akipambana na mwovu Doctor Octopus. Gwen alimlaumu Spider-Man kwa msiba huo, bila kujua kuwa mtu anayemlaumu ndiye anayemfuta machozi.

Toleo la 121 linaanza mambo yakiwa mabaya tayari. Peter amerudi kutoka Kanada na mafua makali. Rafiki yake Harry Osborn yuko kitandani, dawa za kulevya zimemlemea. Norman, baba yake Harry, tajiri mwenye viwanda, akili zinamruka na kumbukumbu zinamrudia: yeye ndiye Green Goblin, na anajua uso ulio nyuma ya barakoa ya Spider-Man.

Peter anarudi nyumbani na kukuta mkoba wa Gwen, na pembeni yake bomu la Goblin lenye umbo la boga. Anamfuata mtekaji hadi darajani na kumkuta Gwen amelazwa juu ya mnara, hajitambui. Wanapigana. Goblin anapita kwa kasi na chombo chake cha kuruka, anamsukuma Gwen, Gwen anakwenda chini. Uzi unarushwa.

Katika toleo la 122 Goblin anachomwa kifuani na chombo chake mwenyewe. Mtuhumiwa wa kwanza akaondoka bila kuhojiwa.

Jibu la ukurasa wa barua

Kabla hajaondoka, Goblin alitoa maelezo yake pale pale mnarani. Alimcheka Peter kwamba anguko la urefu ule humuua mtu kabla hajafika chini, uzi au hakuna uzi. Wasomaji wengi hawakumwamini. Barua zikamiminika katika ofisi za Marvel, wachapishaji wa jarida hilo, na swali lilikuwa moja: ile sauti shingoni ilikuwa ya nini?

Oktoba 1973, kwenye ukurasa wa barua wa toleo la 125, mhariri Roy Thomas akajibu. Kwa masikitiko, aliwaambia wasomaji kwamba Gwen aliuawa na mshtuko wa kusimamishwa ghafla na utando wa Spider-Man. Kwa maneno mengine, mwokozi ndiye aliyevunja shingo.

Hapo ubishi ungekwisha, kama mashabiki wa katuni wangekuwa watu wa kutulizwa kwa barua.

> Jibu lilitolewa, lakini lilitolewa pembeni, mahali ambapo wasomaji waliofuata hawakufika.

Wapo wanaoshikilia kwamba kisa ni kile kilichochorwa, na mhariri akishaanza kueleza nje ya kurasa za kisa amekuwa msomaji kama wengine. Wapo wanaosema mwenye mali ndiye msemaji. Mimi naona Thomas alikuwa sahihi, ila alisemea mahali pabaya. Marvel ilipoanza kukusanya visa vyake kuwa vitabu, kwa kawaida kurasa za barua ziliachwa nje. Kizazi baada ya kizazi kimeisoma picha ile kikiwa na maneno ya Goblin tu kama ushahidi, na Goblin ni mwongo.

Profesa aingia na hesabu

Mwaka 2005 mwanafizikia James Kakalios wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichapisha kitabu kuhusu fizikia ya mashujaa wa katuni, na kifo cha Gwen kilikuwa miongoni mwa mifano yake mikuu. Aliishia upande wa Thomas: uzi ndio ulioua.

Hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Tuchukue minara ya daraja la Brooklyn, ambayo ina mita 84 hivi juu ya maji. Mtu akianguka urefu huo, tukiacha upinzani wa hewa, hutumia sekunde nne na kidogo, na mwisho wake anakwenda kilomita 146 kwa saa. Hiyo ni kasi ya gari ambalo trafiki hawalisimamishi, wanalisimulia.

Kasi hiyo peke yake haimuui mtu. Wanaoruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli, kabla ya kuifungua, hushuka kwa kasi inayofika kilomita 200 kwa saa, wakipunga mikono na kupiga picha. Utetezi wa Goblin unaanguka hapo hapo.

Kinachoua ni kusimama. Uzi ukimsimamisha Gwen ndani ya nusu sekunde, mwili wake unapata mtikiso unaozidi mara nane uzito wake. Mtu aliyefungwa mkanda wa rubani, mgongo umeegemea kiti, anaweza kupona. Gwen alinaswa miguuni, kichwa kikiwa huru. Kiwiliwili kilipogoma, kichwa kiliendelea na safari.

Je, angeweza kumsimamisha polepole? Angeweza, kama uzi ungevutika kwa sekunde tatu badala ya nusu. Lakini kwa kasi ile sekunde tatu za kupunguza mwendo zinahitaji mita 60 za nafasi, na kwa jinsi picha zinavyofuatana, Gwen alikuwa ameshaitumia nafasi hiyo. Mashabiki wanaomtetea Peter huishika sana hoja hii: asiporusha, maji yanamuua, akirusha, uzi unamuua. Wanaomlaumu hujibu kwamba ilikuwapo njia ya tatu, kuruka yeye mwenyewe, amkumbatie huko huko hewani na kupunguza kasi wakiwa wawili.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Desemba 1980 Marvel yenyewe iliichapisha. Katika toleo la 24 la What If?, mfululizo wa visa vya "ingekuwaje kama", mwandishi Tony Isabella alimfanya Peter amrukie Gwen, na akamwokoa. Mchoraji alikuwa Gil Kane, yule yule aliyemchora akifa. Ila raha haikudumu: Peter na Gwen walifunga ndoa, na siri ya Peter kuwa ndiye Spider-Man ikaanikwa gazetini siku hiyo hiyo.

Daraja lipi?

Kuna kasoro katika faili la kesi hii ambayo inawafurahisha mashabiki kupita kiasi. Maandishi ya toleo la 121 yanasema tukio lilitokea kwenye daraja la George Washington. Picha za Kane zinaonyesha minara ya mawe yenye matao yaliyochongoka juu, na mtu yeyote aliyewahi kuona kadi ya posta ya New York anajua hilo ni daraja la Brooklyn. George Washington ni la chuma tupu, lilifunguliwa 1931. Brooklyn ni mzee wake kwa karibu miaka 50.

Kama ni George Washington, hesabu inabadilika. Minara yake ina mita 184. Mtu anayeanguka kutoka huko hadi karibu na maji, kwa hesabu ile ile, anafika kilomita 216 kwa saa, na nusu sekunde ya kusimamishwa inakuwa mtikiso wa mara 12.

Na si fizikia tu. Daraja la Brooklyn liko ndani ya jiji la New York mwanzo hadi mwisho. Lile jingine linaunganisha Manhattan na Fort Lee, jimbo la New Jersey. Nimeona mtu mzima akikunja uso kwa uzito kabisa akiuliza mnara ulikuwa wa upande gani, maana mahakama inategemea hapo.

Goblin kizimbani

Wanasheria walio mashabiki, nao ni wengi, huona ubishi wote wa uzi ni kupoteza muda. Kwa sheria ya jimbo la New York, anayemteka mtu na mateka akafa katika utekaji huo huweza kushtakiwa kwa mauaji hata kama hakukusudia afe. Osborn aliteka, akampandisha mtu asiyejitambua juu ya mnara, akamsukuma. Kwamba kuna aliyejaribu kuokoa akashindwa hakumfuti jina kwenye hati ya mashtaka.

Hoja ni nzuri na nadhani ni ya haki. Lakini haimsaidii Peter Parker, na swali la mashabiki halikuwa nani afungwe. Walitaka kujua mkono gani ulifanya nini. Spider-Man alijengwa juu ya kosa: siku moja alimwacha mwizi akapita, na mwizi huyo huyo akamuua mjomba wake Ben. Lile lilikuwa kosa la kutotenda. Darajani alitenda, upesi na kwa nia njema, na matokeo yakawa mabaya vile vile. Ukiondoa uzi kwenye lawama, Gwen anakuwa mtu mwingine tu aliyeuawa na mwovu. Ukiubakiza, shujaa hana tena somo la kujifunza, kwa sababu somo la kwanza alilitii.

Wengine wameleta mafua. Peter alikuwa na homa, mwili mzito. Siku nyingine angerusha nyuzi mbili, moja ya miguu na moja ya mabega. Hii ni hoja dhaifu, lakini inavutia kuona watu wakitafuta cheti cha daktari kwa ajili ya mtu wa karatasi.

Alikuwa hai?

Kundi dogo, lenye macho makali, linauliza jambo ambalo Thomas hakuligusa: nani kasema alikuwa hai alipokuwa mnarani? Tangu Peter anapoukuta mkoba hadi mwisho, Gwen hafumbui macho, hasemi, hashtuki. Kwa mujibu wa kundi hili, Goblin alibeba maiti, na ile sauti shingoni ni ya shingo iliyokuwa haina kazi tena.

Ushahidi wa kuwapinga ni mwembamba. Jibu la Thomas linachukulia tu kwamba alikuwa hai. Picha hazisemi.

Ila kundi hili, hata likikosea, limeona kitu ambacho wenye hesabu hawakukiona. Gwen hayumo katika kifo chake. Hana neno la mwisho, hapigi kelele, hajui hata kwamba mpenzi wake ndiye aliye nyuma ya barakoa. Mwaka 1999 Gail Simone, ambaye baadaye aliandika visa vingi vya mashujaa, aliweka orodha ya wahusika wa kike waliouawa au kuumizwa ili tu shujaa wa kiume apate uchungu. Orodha ilibeba jina la friji, kwa sababu katika toleo la 54 la Green Lantern, mwaka 1994, shujaa anarudi nyumbani na kuikuta maiti ya mpenzi wake ndani ya friji. Tangu hapo kila anayezungumzia tabia hiyo hurudi kwa Gwen kama babu wa ukoo, au tuseme bibi.

> Mashabiki wameupima uzi kwa nguvu, kasi na sekunde. Aliyefungwa na uzi huo hakuulizwa kitu.

Kesi ya pili, ofisini

Kuna swali jingine, na hili watuhumiwa wake walikuwa watu wa nyama na damu. Nani ndani ya Marvel aliyeamua Gwen afe?

Gerry Conway ndiye aliyeandika. Alikuwa kijana wa miaka 20, amepokea kijiti cha Stan Lee mwaka uliotangulia. Mchoraji mkongwe John Romita, aliyempa Gwen sura ambayo wasomaji waliipenda, amesimulia kwamba wazo la kwanza lilikuwa kumuua Shangazi May, aliyemlea Peter, na yeye ndiye aliyeshauri wamwache bibi wa watu wamuue Gwen, kwa kuwa kifo cha mzee kisingemgutusha msomaji. Alikumbuka alivyotikisika utotoni pale mhusika Raven Sherman alipokufa katika katuni za magazetini za Terry and the Pirates mwaka 1941.

Conway hakubisha. Kwa maoni yake Peter na Gwen walikuwa wamefika mwisho wa njia: wafunge ndoa, na shujaa azeeke ghafla mbele ya wasomaji wa shule, au waachane. Yeye alimpenda zaidi Mary Jane Watson, msichana mwingine katika kisa.

Na Stan Lee? Kila alipokwenda kuhutubia vyuoni, wanafunzi walimbana. Akawa anajibu kwamba alikuwa safarini, vijana wakayafanya hayo nyuma ya mgongo wake. Conway, Thomas na Romita, kila mmoja kwa wakati wake, walisema mzee alijulishwa na akakubali. Huenda alikubali akiwa na kofia mkononi anaelekea uwanja wa ndege, huenda alisahau. Ninachojua ni kwamba hadithi ya Lee ndiyo iliyomwacha Conway peke yake mbele ya hasira za wasomaji, kijana mwenye umri wa wanafunzi wale wale waliokuwa wakipiga kelele ukumbini.

Herufi nne

Tuirudie ile sauti, maana bila hiyo kesi yote ingelala. Marvel ya enzi hizo ilikuwa na utaratibu wake: mwandishi anatoa muhtasari wa kisa, mchoraji anachora kurasa nzima, halafu mwandishi anarudi kujaza maneno. Kane alimchora Gwen akining'inia kwenye uzi. Sauti ilikuja baadaye, na Conway amesema katika mahojiano kwamba aliiongeza yeye.

Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo picha ilikuwa mezani bila herufi hizo. Hapo muuaji alikuwa Goblin tu, na maneno yake kuhusu anguko yalikuwa maelezo ya kutosha. Conway akaweka sauti shingoni, halafu kurasa hizo hizo akaacha Goblin aseme ni anguko. Ushahidi mmoja unasema hivi, mwingine unasema vile, na vyote viwili vimetoka kwa mtu mmoja. Kama ni uzembe, ni uzembe wenye bahati kuliko wote katika historia ya katuni za Marekani. Sidhani kama ni uzembe.

Gwen harudi, lakini harudi vipi?

Hasira za wasomaji zilizaa matunda. Lee alimtaka Conway amrudishe Gwen; Conway, kwa shingo upande, mwaka 1975 akaleta nakala yake iliyotengenezwa maabara na profesa wa chuo, kisha akaiondoa mjini baada ya matoleo machache. Aliyekufa akabaki amekufa. Katika ulimwengu ambao wahusika hufufuka kila msimu, hilo si jambo dogo.

Mwaka 2004 mwandishi J. Michael Straczynski alipandisha hasira upya kwa kisa kilichodai Gwen aliwahi kuzaa mapacha na Norman Osborn. Mashabiki walikichukia kwa umoja wao adimu, na mwaka 2021 Marvel ikakitengua. Kuhusu hilo, kimya ni heshima.

Sinema nazo zimelibeba swali. Mwaka 2014, katika The Amazing Spider-Man 2, Gwen wa Emma Stone anaanguka ndani ya mnara wa saa; uzi unamdaka, na watazamaji wakatoka wamegawanyika kama ni uzi au ni sakafu. Miaka saba baadaye, katika No Way Home, Spider-Man yule yule, Andrew Garfield, anamwona mpenzi wa Spider-Man mwenzake akianguka. Harushi uzi kumdaka. Anaruka na kumkumbatia mwenyewe, kama walivyomtaka mashabiki wa 1973.

Mwaka 2014 huo huo, Jason Latour na Robbi Rodriguez walibuni ulimwengu ambamo buibui alimng'ata Gwen badala ya Peter. Humo Gwen ndiye anayevaa barakoa, na Peter, kijana mnyonge aliyechoka kuonewa shuleni, anajigeuza jitu la mjusi ili awe kama yeye. Wanapigana, Peter anafia mikononi mwake. Ni dawa aliyojidunga, au ni ngumi za Gwen? Toleo halisemi waziwazi, na mashabiki wameshaanza kupanga hoja. Polisi wa ulimwengu huo wameshaamua ni Gwen, na aliyepewa kazi ya kumsaka ni Kapteni George Stacy.